Maswali ya Wasomaji: Anapofia Mtu Mikononi mwa Polisi

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwamba dhamana ya polisi, ambayo wengi wetu huiita bondi, haitozwi pesa. Barua zilizofuata hazikuuliza tena kuhusu bondi. Ziliuliza juu ya watu waliokamatwa wakiwa wazima na kurudishwa kwa jamaa zao wakiwa maiti, na juu ya karatasi ambazo jamaa hao walikabidhiwa. Tumeitenga safu yote kwa ajili ya suala hilo. Majina ya watu, vituo na hospitali tumeyaondoa, kwa usalama wa walioandika, na pia kwa sababu hatuwezi kumhukumu mtu kwa barua ya upande mmoja.

Ndugu Mhariri, mdogo wangu mwenye umri wa miaka 26 alikamatwa sokoni kwa tuhuma za wizi wa pikipiki. Siku ya nne tuliitwa hospitalini tukaambiwa amefariki. Karatasi tuliyopewa inasema figo zilishindwa kufanya kazi na moyo ukasimama. Wakati wa kumwosha tuliona alama juu ya viwiko vya mikono yote miwili. Ofisa aliyetukabidhi mwili alisema daktari ameshaandika, kwa hiyo jambo limekwisha, na tena hakufia kituoni bali hospitalini. Tulimzika wiki mbili zilizopita. Je, limekwisha kweli? Msomaji, Arua.

Pole sana, ndugu yangu, wewe na wazazi wako. Jambo hilo halijaisha, na ofisa aliyekuambia limekwisha hana mamlaka ya kulimaliza.

Tuanze na karatasi yenyewe. Inawezekana kabisa kwamba kila neno lililoandikwa humo ni la kweli, na bado karatasi hiyo ikawa imeficha jambo kubwa kuliko lile ililolitaja. Moyo wa kila anayekufa husimama, awe amekufa kwa malaria, kwa kuanguka mtini au kwa kupigwa, na daktari anayeandika kwamba moyo ulisimama hajaiambia familia lolote isilolijua. Kuhusu figo, madaktari wanafahamu vizuri kwamba mtu aliyepigwa sana makalioni, mapajani na mgongoni anaweza kufa siku mbili tatu baadaye bila kuvunjika hata mfupa mmoja. Misuli iliyopondwa humwaga kwenye damu protini iitwayo mayoglobini, ambayo huziharibu figo, na potasiamu, ambayo ikizidi husimamisha moyo. Kwa hiyo figo na moyo vilivyotajwa kwenye karatasi yako vinaweza kuwa mwisho wa tukio ambalo mwanzo wake ni fimbo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wako, kwa kuwa mwili wake sijauona. Ninachosema ni kwamba karatasi hiyo haiwezi kukuambia kama ndivyo au sivyo.

Uchunguzi kamili wa kifo hujibu maswali mawili. La kwanza ni ugonjwa au jeraha gani lililomaliza uhai, na hilo daktari hulitafuta ndani ya mwili. La pili ni jinsi kifo kilivyokuja: kwa maradhi, kwa ajali, kwa mkono wa marehemu mwenyewe, au kwa mkono wa mtu mwingine. Swali hili la pili mara nyingi mwili peke yake hauwezi kulijibu. Daktari anahitaji kujua marehemu alikuwa katika hali gani alipoingia lokapu, alilala na nani, alitolewa saa ngapi kwenda kuhojiwa, na kama alirudi akitembea au akibebwa. Habari zote hizo, katika utaratibu wetu, anayempelekea daktari ni polisi, kupitia fomu ya kuomba uchunguzi wa maiti. Fomu ikisema kwamba mtuhumiwa aliugua ghafla, daktari aliye peke yake wilayani, huku foleni ya wagonjwa ikimsubiri nje, atatafuta ugonjwa, na anayetafuta ugonjwa hakosi kuupata. Hapo ndipo ukweli mwingi unapopotelea, tena bila mtu yeyote kulazimika kughushi chochote.

Alama mlizoziona juu ya viwiko ni jambo zito. Wasomaji wa Uganda hawahitaji kuelezwa sana kandoya ni nini: mikono huvutwa nyuma na kufungwa juu ya viwiko hadi kifua kinatanuka na kupumua kunakuwa shida. Kamba iliyofungwa hivyo huacha michirizi inayouzunguka mkono mahali ambapo pingu haikai. Ikiwa karatasi ya daktari haikuitaja michirizi hiyo, basi ama hakumvua marehemu nguo, ama aliiona asiiandike, na kila moja kati ya hayo ni sababu tosha ya kuomba uchunguzi wa pili.

Hoja kwamba hakufia kituoni isikuyumbishe. Mtu aliyepelekwa hospitali chini ya ulinzi wa polisi bado yumo mikononi mwa polisi. Itifaki ya Minnesota ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa upya mwaka 2016 kuongoza uchunguzi wa vifo vyenye mashaka, na Maoni ya Jumla Na. 3 ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya mwaka 2015, yanakubaliana kwamba mtu akifa akiwa chini ya ulinzi wa dola, dola hiyo huchukuliwa kuwa na dhima mpaka itoe maelezo ya kuridhisha. Familia haipewi mzigo wa kuthibitisha. Tena kuna jambo ambalo barua yako imelitaja kwa kupita: siku nne. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote si zaidi ya saa 48. Mdogo wako alikuwa akishikiliwa kinyume cha Katiba kabla hata hajafa, na hilo linathibitika kwa kitabu cha lokapu bila kuhitaji daktari.

Sasa fanyeni haya bila kuchelewa. Ombeni kwa maandishi, kupitia wakili au shirika la msaada wa kisheria, nakala ya ripoti kamili ya uchunguzi wa maiti, si cheti peke yake, pamoja na rekodi za hospitali zinazoonyesha alifika saa ngapi, katika hali gani na akiletwa na nani. Tafuteni waliokuwa naye lokapu na muandike maelezo yao wangali wakikumbuka. Nguo alizovaa msizifue. Zihifadhini katika mfuko wa karatasi, kwa maana mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Picha zozote zilizopigwa wakati wa kumwosha zihifadhiwe kwenye simu zaidi ya moja. Kufukua maiti kunahitaji amri ya mahakama, na kila wiki inayopita inaondoa alama za ngozi na misuli, ingawa mivunjiko ya mifupa, ukiwamo mfupa mdogo wa shingoni, inaweza kusomeka hata baada ya muda mrefu.

Assalam aleikum. Sisi ni Waislamu, na dini yetu inatuhimiza kuzika haraka. Polisi wanapotuambia, "Chukueni maiti yenu mkazike leo, hakuna haja ya kumpasua," wengi wetu huona wametufanyia hisani. Je, uchunguzi wa maiti unaruhusiwa, na ukiruhusiwa, tufanyeje ili usichukue siku nyingi? Msomaji, Bombo.

Wa aleikum salaam. Swali hili nilitamani liulizwe, kwa sababu haraka ya kuzika ndiyo nafasi kubwa kuliko zote ambayo kifo chenye mashaka hupita bila kuchunguzwa, na huipata nafasi hiyo kupitia jambo jema.

Hadithi ya Mtume isemayo kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja angali hai inajulikana na kila mwenye kusoma, na heshima hiyo haipingwi na mtu. Hata hivyo wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu uchunguzi wa maiti pale haki ya aliyeuawa, au ya anayetuhumiwa kwa uongo, inapoutegemea, kwa msingi wa dharura na kwa masharti kwamba usivuke kiasi kinachohitajika na mwili urudishwe katika hali ya heshima. Mwulizeni shehe wenu mapema, msiba usije ukawakuta mkiwa bado mnajadiliana.

Kwa upande wa sheria, kifo chenye mashaka huchunguzwa kwa mamlaka ya dola, wala ridhaa ya familia si sharti. Hivyo msikubali kutia saini karatasi inayosema kwamba familia haitaki uchunguzi. Karatasi ya namna hiyo huwekwa kwenye faili, na miezi sita baadaye hutolewa kuonyesha kwamba nyinyi wenyewe hamkuwa na shaka. Badala yake mwombe uchunguzi ufanyike siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, na mwombe daktari wa upande wenu awepo. Uchunguzi mzuri ni kazi ya saa chache. Siku nyingi humalizwa na kungoja fomu, gari na saini.

Yapasa pia kujua uchunguzi kamili una nini, ili mtu asiwaambie umefanyika kumbe maiti iliangaliwa tu juu ya meza. Mwili huvuliwa nguo zote na kupigwa picha zenye rula kando ya kila alama. Kichwa, kifua na tumbo hufunguliwa. Shingo hufunguliwa mwishoni, tabaka kwa tabaka, baada ya damu kutoka, kwa kuwa kukabwa huacha dalili ndogo ambazo mkono wenye pupa huziharibu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna hatua moja zaidi ambayo hurukwa mara nyingi: daktari hukata chini ya ngozi ya mgongo, makalio, mapaja na nyayo, kwa sababu damu iliyovilia ndani ya nyama inaweza isionekane kabisa kwa nje. Ripoti isemayo kwamba hapakuwa na majeraha ya nje, bila kusema kama ngozi ilikatwa mahali hapo, haijathibitisha kwamba mtu hakupigwa.

Na waoshaji wenu wanaona yale ambayo pengine hakuna daktari atakayeyaona tena. Mambo ya aibu ya maiti husitiriwa, lakini jeraha la dhuluma ni ushahidi, na muoshaji aliyeliona aulize kwa shehe wake kabla ya kulinyamazia.

Tangu Nalufenya, kituo cha polisi cha hapa Jinja kilichojulikana kwa mateso, kilipofungwa mwaka 2018 tulitumaini mambo yamebadilika. Nadhani tatizo lililobaki ni umaskini: wataalamu wa patholojia, yaani madaktari wa kuchunguza maiti, ni wachache, mochwari nyingi hazina ubaridi, maabara ni moja mbili Kampala. Nchi tajiri hazina shida hii. Au siyo? Msomaji, Jinja.

Ndugu wa Jinja, umaskini upo na unaumiza. Maiti iliyokaa siku mbili katika mochwari isiyo na ubaridi haiwezi kusema ilichokuwa nacho. Lakini siafiki kwamba vifaa ndivyo kiini cha tatizo, na sababu yangu naitoa katika nchi yenye vifaa kuliko karibu nchi zote.

Jimbo la Maryland nchini Marekani lina ofisi ya uchunguzi wa vifo iliyokuwa ikisifiwa kwa miaka mingi. Ofisi hiyo iliongozwa na Daktari David Fowler hadi mwaka 2019. Mwaka 2021 Fowler alitoa ushahidi kwa upande wa utetezi wa Derek Chauvin, askari polisi aliyempigia George Floyd goti shingoni hadi akafa mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, akidai kwamba kifo hicho kilitokana na mambo mengine ikiwamo maradhi ya moyo. Mamia ya madaktari walilalamika, na jimbo likaagiza vifo vilivyotokea chini ya ulinzi katika miaka ya uongozi wake vipitiwe upya. Wataalamu wa nje walipewa mafaili 87, kila faili likasomwa na watatu kati yao bila kujua ofisi ilikuwa imeamua nini. Matokeo yalitangazwa Mei 2025: katika vifo 36 wote watatu walisema mtu huyo alikufa kwa mkono wa watu wengine, na katika vifo vitano zaidi wawili kati ya watatu walisema hivyo. Ofisi ilikuwa imeviandika kuwa ni ajali, maradhi, au kwamba havikuweza kubainika. Hawakukosa majokofu wala maabara.

Mojawapo ya sababu zilizokuwa zikiandikwa huko ni hali iliyoitwa wazimu wa ghafla wa msisimko, yaani kwamba mtu alichachamaa hadi akafa mwenyewe huku askari wamemlalia. Chama cha wachunguzi wa vifo cha Marekani kiliikataa rasmi mwaka 2023. Nyingine ni kubeba kinasaba kimoja cha selimundu, ugonjwa wa damu uitwao kwa Kiingereza sickle cell. Gazeti la New York Times lilieleza mwaka 2021 kwamba lilikuta angalau vifo 46 vya watu weusi vilivyotokea chini ya ulinzi katika miaka 25 ambavyo vilihusishwa na kinasaba hicho. Wasomaji wa Uganda watambue uzito wa jambo hili kwetu: utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kinasaba hicho kwa asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa, na watu hao kwa kawaida huishi maisha yao yote bila kuugua. Sababu inayoweza kuandikwa kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi ni kichaka kizuri cha kujifichia.

Kuhusu Nalufenya, kufungwa kwake kulikuwa jambo jema. Lakini mahali pa kuteswa panaweza kuhama, na anayeandika taarifa ya kifo akabaki yuleyule.

Sisi tulio mpakani tulifuatilia kifo cha Albert Ojwang huko Nairobi. Ndani ya siku tatu ilijulikana kwamba polisi walisema uongo. Kwa nini kwetu haiwi hivyo? Na je, ni kweli kwamba sheria yetu inamtaka hakimu achunguze vifo vya namna hii? Msomaji, Busia.

Kwa wasomaji ambao hawakulifuatilia: Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 na kupelekwa kituo kikuu cha polisi cha Nairobi, akafa usiku huo. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Tarehe 10 Juni madaktari, wakiwamo waliosimama upande wa familia, walifanya uchunguzi, na mwanapatholojia wa serikali akatangaza hadharani kwamba kulikuwa na jeraha la kichwa, dalili za kukandamizwa shingo na michubuko mingi mwilini, na kwamba majeraha hayo hayaelekei kuwa ya mtu kujigonga. Kesho yake Inspekta Jenerali aliiomba radhi Seneti kwa taarifa ya kwanza.

Angalia kilichofanya kazi pale. Matokeo yalitoka kinywani mwa daktari mwenyewe kabla hayajapita mezani kwa polisi, na daktari wa familia alikuwa chumbani. Ilikuwapo pia mamlaka ya kiraia ya kuwasimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo wachunguzi wake si askari wa kituo kinachotuhumiwa. Hata hivyo tusiipambe Kenya kupita kiasi. Mamlaka hiyohiyo ilieleza kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa, na bila hasira ya watu barabarani sina hakika mambo yangekwenda kwa kasi hiyo.

Kwetu Uganda malalamiko dhidi ya askari hupelekwa kwenye kitengo cha viwango vya kazi ndani ya jeshi la polisi, ambacho kinawajibika kwa mkuu wa jeshi hilohilo. Mkurugenzi wa Mashtaka anangoja faili litakaloandaliwa na polisi. Wahenga walishasema kesi ya nyani hakimu ngedere, na sioni haja ya kuongeza neno. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ipo kwa mujibu wa Katiba na inaweza kuamuru fidia, lakini haiwezi kumshtaki mtu kwa mauaji.

Na ndiyo, sheria ya uchunguzi wa vifo tuliyoirithi kutoka zama za ukoloni inampa hakimu kazi ya kuchunguza kifo cha mtu aliyekuwa gerezani au mikononi mwa polisi, kuita mashahidi na kuagiza mwili uchunguzwe. Ni sheria ambayo ingetusaidia sana, kwa sababu hakimu hayuko chini ya OC, yaani mkuu wa kituo, na kikao chake ni cha wazi. Udhaifu wake ni kwamba hakimu hujua kuna kifo pale tu anapoarifiwa, na wa kumwarifu ni mkuu wa kituo. Familia nyingi hazijawahi kusikia habari ya kikao hicho. Kwa hiyo msingoje. Mwandikieni hakimu mkuu wa eneo lenu barua, mkieleza nani alikufa, lini, akiwa chini ya ulinzi wa kituo gani, na mkiomba uchunguzi wa mahakama ufanyike; nakala ipelekwe kwa Tume ya Haki za Binadamu na kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ina nguvu ambayo malalamiko ya mdomo kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, hayana.

Mimi ni afisa wa kliniki katika kituo cha afya cha ngazi ya nne. Niliwahi kuletewa maiti kutoka lokapu, na askari aliyeileta akaniomba niandike malaria kali, kwa kuwa kipimo kilionyesha vimelea. Nilisita. Ningepaswa kufanya nini? Msomaji, kaskazini mwa Uganda.

Ulisita vyema, dada au kaka yangu, na ninakushukuru kwa kuandika.

Katika nchi ambayo watu wengi hutembea na vimelea vya malaria katika damu bila kuumwa, kipimo chanya cha maiti hakithibitishi kwamba malaria ndiyo iliyoua. Kinathibitisha kwamba alikuwa na vimelea. Andika hivyo, na usiongeze. Andika ulichokiona kwa macho yako, kwa vipimo vya sentimita, ukichora mahali pa kila alama kwenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma. Uliloambiwa liandike kama uliloambiwa: kwamba kwa maelezo ya askari aliyeleta mwili, marehemu alikuwa na homa. Mahali pa sababu ya kifo una haki kamili ya kuandika kwamba haijabainika na kwamba uchunguzi wa mwanapatholojia unahitajika. Maneno hayo ni ya ukweli, yanaliacha swali wazi, na hayamtuhumu mtu yeyote. Kisha weka nakala mahali pasipo mikononi mwa aliyeileta fomu.

Najua ninayokuambia ni rahisi kwenye karatasi, nawe unaishi mji mmoja na askari huyo. Mwite mganga mkuu wa wilaya kwa simu mbele yake, ili uamuzi usiwe wako peke yako. Wataalamu wakubwa kuliko wewe wamepatwa na shinikizo. Desemba 2012, baada ya kifo cha mbunge wa Butaleja, Cerinah Nebanda, ambacho hakikutokea mikononi mwa polisi lakini kilizua mashaka makubwa, mwanapatholojia aliyekuwa amekabidhiwa sampuli kwa niaba ya Bunge alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Entebbe akizipeleka Afrika Kusini. Anayeshika sampuli ndiye anayeshika jibu, na kila upande ulilijua hilo.

Mume wangu ni askari, na tunaishi katika nyumba za polisi. Mnapoandika hivi mnafanya kila askari aonekane muuaji. Je, watu hawafi kwa maradhi lokapu kama wanavyokufa nyumbani? Mama wa watoto watatu, Kampala.

Wanakufa, mama, na umefanya haki kutukumbusha. Kifafa, kisukari, kifua kikuu na kukatizwa ghafla pombe kwa mtu aliyezoea kulewa kila siku, yote hayo yanaweza kumuua mtu sakafuni mwa lokapu bila kuguswa na mtu. Lakini aliyenyang'anywa insulini yake pale mapokezi hakufa kwa kisukari peke yake, na hilo pia uchunguzi unapaswa kuliandika. Askari asiye na hatia ndiye anayehitaji uchunguzi huru kuliko wote, kwa kuwa taarifa iliyoandikwa na wenzake haitamsafisha mbele ya majirani hata ikiwa ya kweli. Kila mtu anayeingia lokapu aandikwe hali yake ya afya na majeraha aliyokuja nayo, mbele ya shahidi. Mumeo akidai hilo lifanyike katika zamu yake, atakuwa amejilinda yeye na mfungwa.

Mimi ni mzee. Niliona panda gari, ile misako ya kukamata watu ya miaka ya 80, na kabla ya hapo niliona ya utawala wa Amin. Ndugu yangu alichukuliwa na hakurudi; mwingine alirudishwa akiwa maiti, na taarifa ikasema ajali. Vijana wa siku hizi wanauliza habari za juzi. Je, sisi wa zamani bado tuna la kufanya, au tumechelewa? Msomaji, Kitgum.

Shikamoo, mzee wangu. Unaandika kutoka wilaya inayojua taarifa za ajali kuliko nyingine yoyote. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi walikamatwa Kampala, na kesho yake serikali ikatangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Kaburi la Luwum lilikuwa limechimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lakini mwili haukutolewa uzikwe huko. Ulipelekwa Mucwini, kijijini kwao huko Kitgum, chini ya ulinzi wa askari. Waliouona mwili waliona matundu ya risasi, na tangu siku ile hakuna Mganda aliyeiamini ajali hiyo. Hapakuwa na daktari huru wala kikao cha hakimu. Walikuwapo watu waliouona mwili na wakasema walichokiona.

Kuchelewa kwenyewe si mwisho wa haki. Ahmed Timol, mwalimu wa huko Afrika Kusini, alikufa tarehe 27 Oktoba 1971 akiwa mikononi mwa polisi wa usalama katika jengo la John Vorster Square, Johannesburg. Mwaka 1972 hakimu aliamua kwamba alijirusha kutoka ghorofa ya 10. Ndugu zake hawakukubali, na mwaka 2017 uchunguzi ulifunguliwa upya. Wataalamu walieleza kwamba baadhi ya majeraha hayakutokana na kuanguka, na Jaji Billy Mothle akaamua kwamba aliuawa. Mwaka 2022 mahakama nyingine iliamua hivyohivyo kuhusu Neil Aggett, aliyekufa katika jengo hilohilo mwaka 1982 na ambaye naye alikuwa ameandikwa kuwa alijiua. Uchunguzi ule wa kwanza, pamoja na uongo wake, ulikuwa umeacha faili lenye vipimo, picha na majina ya waliokuwapo. Hayo ndiyo yaliyowezesha ukweli kurudi, na ndiyo maana nawahimiza wasomaji wote wadai faili liwepo, hata wanapojua kwamba jibu la kwanza litakuwa baya.

Kwa ajili yako, mzee: malalamiko mbele ya Tume ya Haki za Binadamu hupokelewa ndani ya miaka mitano tu tangu tukio, kwa hiyo mlango huo kwa ndugu zako umeshafungwa, ila uko wazi kwa msomaji wetu wa Arua. Kosa la mauaji halina ukomo wa muda katika sheria yetu. Mlete mjukuu anayeandika vizuri, umsimulie kwa utaratibu tarehe, mahali, sare walizovaa waliomchukua, aina ya gari, aliyeuona mwili na alichokiona, kisha maelezo hayo uyaape mbele ya kamishna wa viapo, wewe na kila mwenzako aliyeshuhudia na angali hai, na nakala moja ibaki kwa wakili, moja kanisani au msikitini, na moja nyumbani.